Kotimiri, nanaa na mrehani katika roshani ya mjini: tupande kwa kufuata kibla na pepo zetu

Mwenye uzi, Kikwajuni

Assalaam alaykum. Humu jukwaani huulizwa mara kwa mara namna ya kuotesha majani ya jikoni kwa mtu anayekaa ghorofani, asiye na ua wala uwanja, naye mara nyingi hujibiwa kwa maelekezo yaliyonakiliwa katika kurasa za Ulaya. Maelekezo yale si mabaya, ila yameandikwa kwa nchi ambazo jua, mvua na maji yake si kama yetu, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa ghorofa ya nne Michenzani ataona kotimiri zake zikitoa maua kabla hajazitia katika kachumbari hata mara moja. Uzi huu ni wa kotimiri, nanaa, mrehani, mchaichai, uwatu, vitunguu vya majani na machache mengine ya aina hiyo, katika roshani za Unguja na Pemba. Habari za tungule na bilingani ghorofani zimekwisha kuzungumzwa kwengine.

Nianze na jua, kwa sababu hapo ndipo maelekezo ya wageni yanapotupotosha zaidi. Wao husema roshani bora ni ile inayotazama kusini, na kwao ni kweli. Sisi tupo digrii 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Baina ya tarehe hizo, yaani kwa miezi saba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni huinama hadi kufika digrii 30 kutoka utosini. Miezi mitano inayobaki huwa upande wa kusini, lakini hata Disemba haliinami zaidi ya digrii 17, kwa hiyo roshani ya kusini iliyofunikwa na roshani ya jirani wa juu hupata miale ya adhuhuri ukingoni tu. Matokeo yake ni kwamba roshani inayotazama kibla ndiyo inayoingiza jua hadi ndani wakati wa kipupwe, nayo ile iliyokipa kibla mgongo huishi kwa mwangaza wa anga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa kuwa kibla chetu kinakaribia kaskazini kamili, asiye na dira na autazame mwelekeo wa mihrabu ya msikiti wa mtaani kwake, atajua roshani yake imesimamaje.

Roshani ya mashariki naiona bora kuliko zote kwa majani laini, kwani hupata jua la asubuhi ambalo halijawa kali, kisha hupumzika. Roshani ya magharibi ni ngumu. Jua la alasiri hupiga ukuta ambao umekwisha kupata moto, na ukuta huo huendelea kutoa joto hadi baada ya isha, jambo ambalo mrehani, mchaichai na pilipili hulivumilia, ilhali kotimiri na nanaa huteseka. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hesabu hii yote huvurugwa na ukuta wa jirani aliye mkabala, na huko njia ya kuaminika ni moja: kabla ya kununua hata chungu kimoja, weka kiti mahali unapotaka kupanda na uangalie ni saa ngapi kwa siku kivuli chake huwa na ukingo mkali. Mrehani hutaka saa sita au zaidi za jua la namna hiyo, kotimiri nne au tano zinatosha, na nanaa huridhika na tatu.

Baada ya jua ni msimu. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, joto la mchana hukaribia nyuzi 33, na chungu kidogo kilichotiwa maji alfajiri huwa kimekauka kabla ya laasiri. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza mambo, hasa Aprili, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Hapo adui huwa ni maji yaliyosimama mizizini na ukungu wa majani. Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku ukashuka hadi nyuzi 21 hivi, ni wakati wa neema kwetu sisi wa ghorofani. Vuli ya Oktoba na Novemba ni nzuri kwa kuanzisha mrehani na mchaichai ili vifike kaskazi vikiwa vimeshika mizizi.

Kwa maoni yangu, mwenye roshani ndogo asijaribu kuwa na kila kitu mwaka mzima. Mrehani, mchaichai na pilipili ni watu wa kaskazi. Kotimiri, shibiti na pasili ni za kipupwe. Nanaa na vitunguu vya majani huwepo wakati wote vikipata kivuli cha mchana na maji. Kotimiri ya kununua Darajani mwezi wa Februari ni nafuu kuliko kuilazimisha ioteshwe kwenye ukuta wa magharibi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Mrehani nauzungumzia kwa kirefu kidogo kwa sababu watu huuachia ukawa mti. Ukifika urefu wa kiganja, ukate ncha juu kidogo ya jozi ya majani, nao utatoa vichipukizi viwili pale palipokatwa. Ukirudia kila baada ya wiki mbili utapata kichaka kipana chenye majani mengi badala ya fimbo yenye maua kileleni. Maua yakianza yakatwe mara moja, kwani mmea ukishaanza kutafuta mbegu majani hupungua na huwa makali. Vijiti vilivyokatwa visitupwe: ondoa majani ya chini, tia katika glasi ya maji mahali penye mwangaza usio wa jua kali, na baada ya wiki moja au mbili vitakuwa na mizizi ya kupandwa. Mrehani wetu wa vikuba una jani dogo na harufu kali kuliko ule wa jani pana wanaoutaka wapishi wa mahoteli, lakini ni jamii hiyo hiyo, huliwa, na kwa uvumilivu wa joto unaushinda ule wa kigeni kwa mbali.

Nawakaribisha wenye uzoefu waongeze na wenye maswali waulize.

Mchangiaji, Kilimani

Wa alaykumu ssalaam. Ahsante kwa maelezo ya jua, ndugu yangu. Nimefahamu sasa kwa nini nanaa yangu hustawi na mrehani hauendi, kwani roshani yangu inatazama kusini. Swali langu ni la Ramadhani. Matumizi ya kotimiri nyumbani kwangu huongezeka mara tatu au nne mwezi huo, kwa supu, kwa chatini ya nazi, kwa katlesi na sambusa, na bei sokoni nayo hupanda. Je, hakuna njia kabisa ya kupata walau za futari?

Mwenye uzi, Kikwajuni

Dada yangu, njia ipo, ila kwanza tukubali kwamba kalenda imetupinga. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, na kwa miaka hii, kuanzia 2026 hadi 2028, inaangukia baina ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Machi, yaani kwa sehemu kubwa katika kaskazi yenyewe. Kotimiri ni mmea wa hali ya hewa ya ubaridi. Joto likishaingia mizizini huharakisha kumaliza umri wake: shina hurefuka, majani mapana hufuatwa na membamba yaliyochanika, maua meupe hutokeza, na ladha ya jani hupungua. Hakuna mbolea wala dawa inayolizuia jambo hilo, na kwa hakika samadi nyingi hulizidisha tatizo kwa kuleta majani laini yasiyo na harufu.

Kinachofaa ni kuivuna kabla haijafika huko. Badala ya kupanda chungu kimoja na kukitarajia kwa miezi miwili, mtu apande beseni dogo kila baada ya wiki mbili, kwa mbegu zilizosongamana, na akate mimea yote ikiwa na urefu wa vidole vinne hivi, baada ya wiki nne au tano. Majani ni machache kwa kila mche, lakini miche ni mingi na harufu yake ni kamili. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari kwa kutegemea mwezi utakavyoandama, kwa hiyo beseni la kwanza liwe limepandwa katika siku za mwanzo za Januari, la pili katikati ya mwezi huo, na kuendelea.

Mbegu za kotimiri za duka la bizari huota vizuri, alimradi ni nzima, hazikukaangwa na si za mwaka juzi. Kila kidonge kimoja ni mbegu mbili zilizoshikamana, na ukizizungusha taratibu chini ya chupa juu ya ubao zitaachana bila ya kuvunjika. Ziloweke usiku kucha, kisha zijaribu chache katika kitambaa chenye unyevu. Zikianza kuchipua ndani ya siku kumi, mzigo wako ni mzima. Zipande pale pale zitakapokulia, kina cha sentimita moja, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Miche mingi inayonunuliwa ikiwa imekwisha kuota hutoa maua mapema kwa sababu hiyo hiyo. Chombo kiwe na kina cha sentimita 20 au zaidi, kiwe cheupe ikiwezekana, na juu ya udongo pawe na tandazo la majani makavu. Baada ya saa nne asubuhi kiondoke juani au kiwekwe nyuma ya kichaka cha mchaichai kikatiwe kivuli.

Na ikitoa maua, usiing'oe yote. Mbegu zake zikiwa bado mbichi na za kijani zina harufu iliyo baina ya jani na bizari, na zikitwangwa pamoja na thomu, pilipili mbichi na ndimu hutoa chatini ambayo, kwa ulimi wangu mimi, inaishinda ile ya majani. Vilevile usiusahau uwatu. Huota ndani ya siku tatu au nne, haujali joto la kaskazi kama kotimiri, na majani yake machanga huwa tayari katika wiki ya tatu au ya nne kwa kutiwa katika bajia au mbatata za kukaanga.

Fundi ujenzi, Mji Mkongwe

Naomba niseme neno la kazi yangu, kwani naona watu watasoma uzi huu kisha watajaza ndoo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ndoo kumi ni kilo 300 au karibu na hapo, nazo zinakaa pale pale mchana na usiku, tofauti na watu ambao husimama kidogo wakaondoka. Roshani za zege za fleti za Serikali zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zinaweza kuonekana imara, lakini nyingine chuma chake kimekwisha kuota kutu na zege limeanza kubanduka chini. Ukiona nyufa au kutu inayochuruzika katika roshani yako, usiongeze hata chungu kabla hajaitazama mtu anayejua.

Nyumba za Mji Mkongwe zina hatari ya namna nyengine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari nyingi zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingia ukutani. Maji yanayovuja kidogo kidogo kutoka katika vyungu hulainisha chokaa na kuozesha ncha hizo mahali ambapo jicho halifiki, na mwenye nyumba hugundua siku ambayo plasta ya chumba cha chini inaanguka. Roshani za mbao zilizotokeza nje ya ukuta nazo huoza kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kila chungu kiwe na sahani chini yake, sahani iinuliwe juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, na vyungu vizito viwekwe karibu na ukuta, si kwenye ukingo wa nje. Msipigilie misumari wala kulabu katika kuta za chokaa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na anayetaka kufunga kitu cha kudumu upande wa njiani apite kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Juu ya hayo yote, chungu kilichowekwa juu ya kizuizi cha roshani kikianguka kitampata mpita njia.

Mwenye uzi, Kikwajuni

Fundi, Mungu akujaalie. Hilo la uzito ndilo linalonifanya nipendelee vyombo vidogo vyenye udongo mwepesi. Mrehani na nanaa hutosheka na dumu la mafuta ya kula la lita tano lililokatwa ubavuni, na ni mchaichai peke yake unaostahiki ndoo ya lita 20.

Mchangiaji, Wete

Ndugu zangu wa Unguja, nasi wa fleti za huku Pemba tupo. Nataka kuzungumzia huo udongo mwepesi, kwa sababu watu huchota udongo wowote. Kinongo chetu, yaani udongo mwekundu wa mashambani, ni kizuri shambani, lakini katika ndoo, kikimwagiwa maji kila siku, hushikana na mizizi hukosa hewa. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, ni kibaya zaidi. Kichanga kitupu hakishiki maji wala chakula, na mchanga wa pwani usitumike kabisa, kwani una chumvi na umejaa vipande vya makome na matumbawe ambavyo huongeza chokaa katika udongo. Mimi huchanganya mafungu mawili ya kinongo, fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyoiva hadi haina harufu, na fungu moja la vumbi la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi.

Hapo kwenye usumba ndipo ninapotaka watu wasimame kidogo. Makumbi ya kamba huzikwa katika tope la pwani kwa miezi mingi ili yalainike, ndipo yakapigwa kutolewa usumba, na vumbi linalobaki mahali hapo limekunywa maji ya bahari. Linapatikana bure au kwa bei ndogo, kwa hiyo linavutia, lakini likitiwa chunguni kama lilivyo huunguza ncha za majani na miche hufa ikiwa bado michanga. Liloweke katika maji baridi ya kunywa, ulikamue, umwage maji, na urudie hadi maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Vumbi la makumbi makavu ambayo hayakuzikwa pwani halina taabu hiyo, ila nalo hufaa kuoshwa, kwa sababu maji yake ya mwanzo huwa mekundu na makali.

Samadi nayo isiwe mbichi. Majani haya huliwa bila ya kupikwa, na samadi mbichi hubeba vijidudu vya tumbo mbali na kuunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi, na anayeitumia aiache ioze kwa miezi kadhaa.

Mchangiaji, Mpendae

Nashukuru kwa faida zote hizi. Mimi nina mambo mawili. Majani mapya ya nanaa na mrehani wangu hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na juu ya udongo hutokea ukoko mweupe. Nimeongeza samadi lakini hali haikubadilika. La pili, mume wangu analalamika kwamba sahani za vyungu zimeleta mbu ndani ya nyumba, na kwa kusema kweli ana haki.

Mwenye uzi, Kikwajuni

La kwanza ni maji, bibie. Maji ya bomba ya Unguja hutoka ardhini, katika mawe ya chokaa, na ndiyo maana birika la chai hufanya magaga ndani. Chungu hakina pa kuyapeleka madini hayo, kwa hiyo kila yanapotiwa maji chokaa na chumvi hujilimbikiza, udongo hupata ugumu wa kutoa madini ya chuma, na jani jipya ndilo linaloonesha dalili kwanza. Kuongeza samadi peke yake hakusaidii ikiwa ukoko bado upo. Ondoa tabaka la juu, kisha kokota chungu bafuni na ukimwagie maji taratibu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wake, hadi yatoke chini; fanya hivyo mara moja kwa mwezi wakati wa ukavu. Masika yakifika, mvua itakufanyia kazi hiyo bila ya malipo. Afadhali pia kukinga maji ya mvua, kwani kila milimita moja inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, na Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagiwa mimea. Ya sabuni hayafai kwa majani yanayoliwa, na ya kuoshea samaki, ingawa wazee wetu huyasifu sana kwa mawaridi, huita paka wote wa mtaa.

La mbu, mume wako yuko sawa. Mbu wanaoeneza homa ya dengi hutaga katika vyombo vidogo vya maji safi vilivyo karibu na watu, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huweza kuchukua wiki moja tu kwa joto letu. Mwaga maji ya sahani nusu saa baada ya kumwagilia, na mara moja kwa wiki zisugue kwa brashi, kwani mayai hunata ubavuni mwa chombo na hustahimili ukavu. Njia nyengine ni kujaza sahani kokoto hadi juu, chungu kikae juu ya kokoto na maji yasionekane.

Mchangiaji, Malindi

Naona hakuna aliyewataja kunguru. Hawa ndege walioletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kusafisha taka sasa wanasafisha roshani zetu. Hung'oa miche michanga wakidhani kuna mdudu chini yake, na usumba huuchukua kwa ajili ya viota. Nimefunika mabeseni kwa kipande cha nyavu za uvuvi zilizochakaa kilichokazwa kwa vijiti, nao wameacha. Nyavu ziwe zimevutwa barabara, kwani zikilegea ndege hunasa miguu. Kwa paka ambao hufukua udongo mpya, nimeona vifuu vilivyopangwa kwa kufudikizwa juu ya udongo vikitosha. Mche hupita baina yake na paka hapati pa kuchimba.

Wadudu weupe kama pamba, vidung'ata, hujificha katika makwapa ya majani ya mrehani. Wakiwa wachache hufutwa kwa kitambaa. Wakizidi, mimi huponda mbegu za mwarobaini, nikaziloweka usiku mmoja, nikachuja na kutia vipande vya sabuni ya mche viyeyuke, kisha nikanyunyiza jioni, kwa sababu jua huimaliza nguvu dawa hiyo upesi. Kwa siku chache baada ya hapo sichumi, na nikichuma naosha vizuri, kwani ukali wa mwarobaini huingia katika chakula.

Mchangiaji, Chake Chake

Rosmari na zatari zinaweza kuota kwetu? Nimeziona katika vitalu vya miche Unguja lakini bei yake si ndogo.

Mwenye uzi, Kikwajuni

Zinaota, ila hazitakaa raha. Asili yake ni nchi za Bahari ya Kati, ambako kiangazi ni kikavu na mvua huja wakati wa baridi, na unyevunyevu wa Pemba wakati wa masika huziozesha kuanzia shinani. Chokaa katika maji haziijali, na hiyo ni faida yake pekee kwetu. Ukizitaka, tumia udongo ambao nusu yake ni changarawe na kichanga kisicho cha pwani, chungu cha udongo wa kuchoma badala ya plastiki, jua lote unaloweza kulipata, na kuanzia Machi ziingize chini ya paa na uzimwagilie pale tu kidole kinapozama udongoni kikakuta ukavu. Mimi ningezitumia fedha hizo kununua mche wa majani ya mchuzi, ambao huvumilia hali yetu na huishi chunguni kwa miaka. Uanze na mche, kwani mbegu zake hupoteza uhai upesi zikikauka.

Mchangiaji, Kilimani

Swali langu la mwisho, ndugu yangu, kisha sitawachosha. Mchaichai wangu una umri mkubwa, umejaza ndoo yote, katikati umekauka na majani ni membamba. Niongeze mbolea?

Mwenye uzi, Kikwajuni

Mbolea haitafika popote, dada, kwa sababu hakuna tena udongo ndani ya ndoo hiyo, ni mizizi mitupu. Subiri vuli ianze, au kama huwezi kusubiri fanya sasa lakini kivulini. Kata majani yote yabaki na urefu wa shubiri moja, laza ndoo na utoe fundo lote, kisha lipasue kwa panga katika mafungu yenye mashina matano au sita kila moja. Sehemu ya katikati iliyokauka itupe. Chagua fungu la pembeni lenye mashina manene na mizizi meupe, lirudishe katika udongo mpya, na tako la shina lizame vidole viwili tu. Limwagilie kila siku kwa wiki mbili za mwanzo na usilivune hadi lioneshe majani mapya yenye upana. Mafungu yanayobaki wagawie majirani wa ngazi yako, na yale majani uliyoyakata yafunge vifundo uyaanike kivulini kwa ajili ya chai. Vaa glavu au mikono mirefu unapofanya kazi hiyo, kwani kingo za majani yake hukata ngozi.